Umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili: mwongozo kamili wa kuhesabu mwenyewe

Umbali wa anga kati ya miji miwili haubadiliki. Muda wa kuruka hubadilika kila siku, na kwenye njia ndefu unaweza kupishana kwa saa nzima, ndege ileile, viwanja vilevile. Kwa hiyo anayeuliza "ni saa ngapi kwa ndege?" anaweza kupewa majibu matatu yanayotofautiana na yote yakawa sahihi. La kwanza ni muda wa angani, tangu magurudumu yaachane na ardhi hadi yaiguse tena. La pili ni muda wa geti hadi geti, ambao ndio msingi wa saa zilizoandikwa kwenye tiketi. La tatu ni muda wa mlango hadi mlango, ambao tiketi haiusemi kabisa. Amua kwanza unatafuta upi, kwa sababu namba ya mmoja ikitumiwa mahali pa mwingine hesabu nzima inaharibika hata kama kila hatua umeifanya vizuri.

Tutatumia njia ya London na New York kama mfano wa kazi. Tumeichagua kwa kuwa ina kila kinachosumbua: miji yenye viwanja vingi, upepo mkali, tofauti ya saa, na majira yanayobadilisha tofauti hiyo. Ukiiweza hii, nyingine zitakuwa nyepesi.

Hatua ya 1: Taja uwanja, usitaje mji

Ndege haitoki mjini, inatoka uwanjani. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN), London City (LCY) na Southend (SEN). New York ina Kennedy (JFK), LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), na huu wa mwisho uko jimbo la New Jersey, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kennedy. Ukiandika LON au NYC kwenye mtandao wa kutafutia tiketi, hizo ni alama za mji mzima, na utaletewa viwanja vyote kwa pamoja. LaGuardia ondoa mapema: kanuni yake inazuia safari zinazozidi maili 1,500, isipokuwa siku za Jumamosi na zile za Denver, hivyo ndege ya London hutaikuta pale.

Alama ya herufi tatu pia inakukinga na miji yenye majina pacha. SYD ni Sydney ya Australia, YQY ni Sydney ya Kanada. BHX ni Birmingham ya Uingereza, BHM ni ya Alabama. SJO ni San José ya Costa Rica, SJC ni San Jose ya California. Andika herufi hizo kwenye karatasi yako kabla ya namba yoyote.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo kwa usahihi

Kila uwanja una latitudo na longitudo zake, nazo zinapatikana kwa urahisi kwenye ramani za mtandaoni. Kwa mfano wetu: Heathrow ni 51.47 kaskazini na 0.45 magharibi, Kennedy ni 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Kaskazini na mashariki huandikwa chanya, kusini na magharibi hasi. Kwa hiyo Heathrow inakuwa 51.47 na −0.45, Kennedy 40.64 na −73.78.

Makosa mawili hujirudia hapa, na yote mawili ni ya kimyakimya.

Kosa la kwanza ni kuchanganya dakika za digrii na desimali. Ukikuta 51°28′, hiyo si 51.28. Gawanya 28 kwa 60, upate 0.467, kisha andika 51.467. Anayeandika 51.28 ameuhamisha uwanja karibu kilomita 21 kuelekea kusini.

Kosa la pili ni kusahau alama ya hasi. Hili ni la hatari zaidi kwa sababu jibu linaweza kuonekana la kawaida. Ukiiandika Kennedy kama 73.78 bila hasi, umeipeleka Kirgizia, mashariki ya mji wa Osh. Lakini London iko karibu kabisa na longitudo sifuri, hivyo umbali unaotoka ni kama kilomita 5,600, tofauti ya kilomita 60 tu na jibu la kweli. Hakuna atakayeshtuka. Dawa yake ni moja: kabla ya kuhesabu, ziingize namba zako kwenye ramani na uone kidoti kimeangukia wapi.

Hatua ya 3: Hesabu umbali wa duara kuu

Njia fupi kuliko zote juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Kwenye ramani bapa ya Mercator njia hiyo huonekana imepinda kuelekea ncha ya dunia, na wengi hudhani rubani anazunguka bila sababu. Sivyo. Ramani ndiyo iliyopinda. Toka Heathrow ukifuata duara kuu kwenda Kennedy, unaanza kwa kuelekea magharibi ukipanda kidogo kaskazini, ingawa New York iko kusini zaidi ya London kwa karibu digrii 11. Kwa sababu hiyohiyo njia fupi ya Tokyo hadi New York inapanda hadi maeneo ya Alaska, na ya Dubai hadi Los Angeles inapita karibu na Ncha ya Kaskazini. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Chukua uzi uunyooshe juu ya tufe la darasani, utaiona njia yenyewe.

Kanuni inayotumika sana huitwa haversine. Kwa kikokotoo chenye sin na cos, kikiwa kimewekwa kwenye digrii, fanya hivi:

Tofauti ya latitudo ni 10.83. Nusu yake ni 5.415. Sin yake ni 0.0944, na kipeo cha pili ni 0.0089.

Cos ya 51.47 ni 0.6229. Cos ya 40.64 ni 0.7588. Zidisha upate 0.4727.

Tofauti ya longitudo ni 73.33. Nusu yake ni 36.665. Sin yake ni 0.5971, kipeo cha pili 0.3566. Zidisha kwa ile 0.4727, upate 0.1685.

Jumlisha 0.0089 na 0.1685, upate 0.1774. Kipeuo chake cha pili ni 0.4212. Bonyeza sin ya kinyume, upate digrii 24.91. Mara mbili, ni digrii 49.83. Kila digrii ya duara kuu ni kilomita 111.195, kwa kuchukua nusukipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,371. Zidisha: kilomita 5,540.

Kwa anayetumia lahajedwali, weka latitudo ya kwanza kwenye A2, longitudo yake B2, latitudo ya pili C2, longitudo yake D2, kisha andika:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(C2-A2)/2)^2+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(C2))*SIN(RADIANS(D2-B2)/2)^2))

Neno RADIANS lisikose popote. Lahajedwali husoma pembe kwa radiani, na ukiliacha hata mara moja utapata namba ya ovyo isiyo na ujumbe wowote wa kosa. Kipimo cha haraka cha kujikagua: hakuna viwanja viwili duniani vinavyoachana zaidi ya kilomita 20,015 hivi, ambayo ni nusu ya mzingo. Jibu likizidi hapo, rudi nyuma.

Utaona vyanzo vingine vinaandika kama kilomita 5,555 kwa njia hiihii. Hawajakosea. Dunia si tufe kamili: nusukipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Haversine inaichukulia kama tufe, na inaweza kupotoka hadi kama nusu asilimia. Kanuni aliyoichapisha Vincenty mwaka 1975 hufuata umbo lenyewe lililobonyea, ila hukwama kwenye nukta zilizo karibu kabisa na pande zinazokabiliana za dunia. Kwa kukadiria muda wa safari, kilomita 15 ni dakika moja ya kuruka, usihangaike nazo.

Vipimo navyo vichunge. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, maili ya baharini ni kilomita 1.852 kamili, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Marubani hutumia maili za baharini, kampuni za ndege za Marekani huwaandikia abiria maili za nchi kavu. London hadi New York ni karibu maili 2,990 za baharini na kama 3,440 za nchi kavu. Ukikuta neno "maili" pekee, uliza ni ipi, maana tofauti ni asilimia 15.

Hatua ya 4: Ongeza njia halisi

Duara kuu ni kima cha chini, na ndege huruka zaidi ya hapo karibu kila mara. Huondoka kwa kufuata upande unaotumika kwenye njia ya kurukia siku hiyo, hata kama ni kinyume na inakoelekea. Hupita njia za anga zilizopangwa, hukwepa mawingu ya radi na maeneo ya kijeshi, kisha hupangwa foleni ya kutua. Kwa makadirio, ongeza asilimia 3 hadi 5 kwenye safari ndefu. Kwenye safari fupi ongeza asilimia 10, kwa kuwa mizunguko ya kupaa na kutua ni ileile na kilomita za kuigawanyia ni chache. Kwa mfano wetu tunaongeza asilimia 4: 5,540 zinakuwa kama 5,760.

Kuna njia ambazo asilimia hizi hazitoshi kabisa.

Anga iliyofungwa ndiyo kubwa. Tangu Urusi ilipozifungia anga yake kampuni za nchi nyingi za Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya takriban saa 9 ikawa ya kama 13 kwa ndege za Finland. Miji haijasogea hata mita moja. Kampuni ya nchi isiyofungiwa inaweza kuruka njia fupi wakati jirani yake anazunguka, kwa hiyo kwenye njia za Ulaya na Asia Mashariki uliza ni ndege ya nani kabla ya kuandika saa.

Sababu nyingine ni kanuni ya ndege zenye injini mbili. Bila kibali maalumu, ndege hizo hutakiwa zisiwe mbali zaidi ya dakika 60 na uwanja unaoweza kuzipokea injini moja ikizima. Vibali huongeza muda huo: Boeing 787 inaweza kupewa hadi dakika 330, Airbus A350 hadi 370. Kwenye bahari za kusini, kama kati ya Sydney na Santiago, ukubwa wa kibali ndio huamua ndege isogee umbali gani kuelekea Antaktika. Na juu ya uwanda wa Tibet kinachozuia ni milima: hewa ikivuja ndani ya ndege rubani lazima ashuke haraka, na pale hakuna pa kushukia.

Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, waongozaji wa ndege wa Shanwick (upande wa Uingereza na Ireland) na wa Gander (upande wa Kanada) hutangaza njia mpya mara mbili kwa siku, za mchana kwa wanaokwenda magharibi na za usiku kwa wanaokwenda mashariki, kulingana na upepo. Ndiyo maana alama ya safari ya jana kwenye ramani haifanani na ya leo.

Hatua ya 5: Chagua kasi ya ndege husika

Usitumie "kilomita 900 kwa saa" kwa kila ndege. ATR 72 yenye propela huenda kama 500. Airbus A320 na Boeing 737 husafiri kwa Mach 0.78, sawa na kama 828. Boeing 787 na A350 husafiri kwa Mach 0.85, sawa na kama 903. Mach ni sehemu ya kasi ya sauti, na kasi ya sauti hupungua hewa inapokuwa baridi: usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 15, ni kilomita 1,225 kwa saa, lakini kwenye kimo cha mita 11,000, kwenye baridi ya nyuzi −56.5, ni 1,062. Anayezidisha 0.85 kwa 1,225 anapata ndege yenye mwendo ambao haipo nao.

Aina ya ndege huandikwa kwenye maelezo ya safari unapotafuta tiketi. Isome hapo.

Hatua ya 6: Upepo, ambao ndio kiini cha hesabu

Kasi tuliyoitaja hapo juu ni ya ndege ndani ya hewa. Hewa yenyewe inatembea. Kasi juu ya ardhi ni ile ya ndege ukiongeza upepo unaoisukuma, au ukitoa upepo wa mbisho. Hakuna kitu kingine kwenye hesabu hii chenye uzito huo.

Katika latitudo za kati, kaskazini na kusini mwa dunia, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, palepale ndege zinaporuka. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha za dunia, na kwa kuwa tofauti hiyo ni kubwa zaidi majira ya baridi, ndipo mkondo unapokuwa mkali. Kasi ya kilomita 150 hadi 200 kwa saa ni ya kawaida kwenye kiini chake. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikigusa kilomita 1,327 kwa saa juu ya ardhi. Haikuvunja kizuizi cha sauti, maana ndani ya hewa iliyokuwa ikiibeba mwendo wake ulikuwa wa kila siku.

Wapo wanaoamini ndege ya magharibi inapaswa kuwahi kwa kuwa dunia inajizungusha ikiijia. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Tofauti yote unayoiona kwenye ratiba ni ya upepo. Perth hadi Sydney ni saa 4 na dakika chache. Kurudi Perth ni kama saa 5.

Kwa makadirio ya njia za mashariki na magharibi katika latitudo za kati, chukua wastani wa kilomita 80 kwa saa mwaka mzima. Majira ya baridi panda hadi 120 au zaidi, majira ya joto shuka hadi 50. Karibu na ikweta pepo za juu ni za upole, na kwenye njia za kaskazini na kusini upepo hupiga ubavuni zaidi, hivyo 0 hadi 20 inatosha.

Usidhani kwenda na kurudi hufidiana. Kwa ndege ya 900 na upepo wa 100, kilomita 5,540 huchukua saa 6.93 kwa upande mmoja na 5.54 kwa upande mwingine, jumla 12.47. Bila upepo jumla ingekuwa 12.31. Dakika 9 zimepotea, kwa kuwa muda unaokaa kwenye upepo mbaya ni mrefu kuliko unaokaa kwenye upepo mzuri.

Hatua ya 7: Pata muda wa geti hadi geti

Sasa unganisha. Gawanya umbali wa njia halisi kwa kasi ya juu ya ardhi. Ongeza dakika 15 hadi 20 za kupaa na kushuka, kwa sababu sehemu hizo huendeshwa polepole. Katika nchi nyingi chini ya futi 10,000 ndege haziruhusiwi kuzidi noti 250. Kisha ongeza muda wa kutembea ardhini: dakika 10 hadi 25 kabla ya kuruka na 5 hadi 10 baada ya kutua, na viwanja vikubwa vyenye foleni viko juu ya vipimo hivyo.

London kwenda New York: 900 ukitoa 80 ni 820. Kilomita 5,760 kwa 820 ni saa 7.02, yaani saa 7 na dakika 1. Ongeza 20 za kupaa na kushuka: saa 7 na dakika 21 angani. Ongeza 20 na 10 za ardhini: saa 7 na dakika 51.

New York kwenda London: 900 na 80 ni 980. Kilomita 5,760 kwa 980 ni saa 5.88, yaani saa 5 na dakika 53. Kumbuka kuzidisha desimali kwa 60, saa 5.88 si saa 5 na dakika 88. Ongeza 20, kisha 30: saa 6 na dakika 43.

Ratiba za kampuni kwa njia hii huwa karibu na saa 8 kwenda na 7 kurudi. Mabaki hayo ni akiba. Katika sekta hii ndege inayofika ndani ya dakika 15 baada ya saa yake huhesabiwa imewahi, na kampuni hupanga muda kwa kuangalia safari zilizopita, zikiacha nafasi ya foleni na upepo mbaya. Ndiyo maana mara nyingine rubani anatangaza mmewahi kwa nusu saa ingawa mliondoka mmechelewa.

Safari fupi inafundisha jambo jingine. Santos Dumont ya Rio de Janeiro hadi Congonhas ya São Paulo ni kama kilomita 366. Kwa kasi ya 828 ingekuwa dakika 27, na ratiba huandika saa moja na dakika chache. Ongeza asilimia 10 ya njia, upate kama 400. Hizo ni dakika 29. Ongeza 15 za kupaa na kushuka na 20 za ardhini, umefika palepale kwenye ratiba. Ndege ya namna hii hupaa, hutulia kidogo, kisha huanza kushuka.

Kikague kila unachopata kwa kugawanya umbali wa duara kuu kwa muda wa geti hadi geti. Safari ndefu hutoa kati ya 650 na 830 kwa saa. Singapore hadi Kennedy, njia ya takriban kilomita 15,350 na karibu saa 18 na dakika 45, hutoa 820. Safari fupi hutoa 300 hadi 500. Ukipata 950 bila dhoruba, kuna kosa, na mara nyingi ni la saa za mahali.

Hatua ya 8: Saa za mahali

Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za huko unakoondoka na saa ya kufika kwa saa za huko unakofika. Ukitoa moja kwa nyingine, umekosea. Kuondoka London 11:00 na kufika New York 13:50 si safari ya saa 2 na dakika 50. Badili zote ziwe za UTC kwanza, yaani saa ya rejea ya dunia nzima. London majira ya baridi ni UTC+0, New York ni UTC−5. Kuondoka ni 11:00 UTC, kufika ni 18:50 UTC. Tofauti: saa 7 na dakika 50.

Kurudi: kuondoka New York 21:00 ni 02:00 UTC ya kesho yake. Ongeza saa 6 na dakika 45, unafika 08:45. Tiketi itaandika +1 pembeni ya saa ya kufika. Alama hiyo ndogo inamaanisha siku inayofuata, na ndiyo inayowaponyoka wanaoweka hoteli kwa tarehe isiyo yake.

Tofauti ya saa 5 nayo haidumu mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa wiki mbili au tatu hapo katikati tofauti ni saa 4. Uingereza hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na wiki hiyo moja tena tofauti ni 4. Nchi nyingine hazina saa kamili: India ni UTC+5:30, Nepal UTC+5:45. Na ukivuka mstari wa tarehe, hesabu ya kichwani inakataa kabisa. Toka Tokyo Jumatatu 21:00 kwa safari ya saa 7, utafika Honolulu Jumatatu hiyohiyo 09:00, kwa sababu 21:00 ya Tokyo ni 12:00 UTC, saa 7 baadaye ni 19:00 UTC, na Honolulu iko nyuma kwa saa 10.

Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, chukua tahadhari mbili. Saa za tiketi ni za mfumo wa saa 24: 01:00 ni saa saba usiku, 13:50 ni saa nane kasoro dakika kumi mchana. Na siku mpya ya tiketi huanza saa sita usiku. Ndege ya tarehe 15 saa 00:30 inakutaka uwanjani tarehe 14 jioni. Anayekwenda tarehe 15 usiku ameikosa kwa karibu siku nzima.

Hatua ya 9: Kubadilisha ndege na safari ya mlango hadi mlango

"Moja kwa moja" haina maana kwamba ndege haitui njiani. Safari yenye namba moja inaweza kutua mji wa kati, kushusha na kupakia, kisha ikaendelea. Tafuta neno linalosema wazi kwamba hakuna kituo.

Ukibadilisha ndege, jumlisha umbali wa vipande. Singapore hadi London ni takriban kilomita 10,885. Kupitia Dubai ni kama 5,845 na 5,505, jumla 11,350. Nyongeza ni asilimia 4 tu, kwa kuwa Dubai iko karibu na njia. Muda ndio unaopanda: kupaa na kushuka mara mbili, kutembea ardhini mara mbili, na saa za kusubiri. Kwa vipande vya tiketi moja, kampuni ina wajibu wa kukupangia ndege nyingine ukichelewa. Kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hakuna anayekusubiri, na huenda ukalazimika kutoka, kuchukua mizigo na kuisajili upya. Hapo acha angalau saa 4, na kama ndege ya pili ni ya mwisho kwa siku hiyo, lala mji wa kati.

Mlango hadi mlango, London kwenda New York: saa 1 kufika Heathrow, saa 3 za kuwahi, saa 7 na dakika 50 za geti hadi geti, saa 1 ya uhamiaji na mizigo, saa 1 kuingia mjini. Karibu saa 14. Kwa miji ya karibu nyongeza hizi humeza faida yote ya ndege: Tokyo hadi Osaka ndege hukaa angani chini kidogo ya saa moja, lakini treni ya Shinkansen huwatoa watu katikati ya mji mmoja na kuwafikisha mwingine kwa takriban saa 2 na nusu.

Hatua ya 10: Linganisha na safari zilizokwisha kuruka

Fungua mtandao wa kufuatilia ndege kama Flightradar24 au FlightAware, andika namba ya safari, uangalie orodha ya siku zilizopita. Chukua saa halisi ya kuruka na ya kutua kwa safari 10 hivi, hakikisha kama zimeandikwa kwa UTC au kwa saa za mahali, toa, kisha zipange kutoka fupi hadi ndefu. Ya katikati ndiyo makadirio yako ya muda wa angani. Ya mwisho ndiyo ya kupangia ndege ya kuunganisha. Usichukue wastani, kwa sababu safari moja iliyogeuzwa kwenda uwanja mwingine huuvuta wote.

Kama safari yako ni ya Januari na orodha uliyonayo ni ya Julai, rudi hatua ya 6 ubadilishe upepo. Kisha angalia tena wiki moja kabla ya kuondoka: aina ya ndege huweza kubadilishwa, anga hufungwa, na saa ya kuondoka husogezwa. Ujumbe wa mabadiliko huja kwa barua pepe iliyotumika kununulia tiketi, kwa hiyo kama alikununulia mtu mwingine, mwombe aufungue.